Mshona Viatu na Kiwanda

Mafundi wa viatu wa hapa Bunia twawapita kila siku, pengine bila kuwaamkia. Mzee wa kazi hii ana majivuno yake, nayo si mabaya: yeye huupima mguu wa mtu mwenyewe, na kidole kilichopinda hukipa nafasi. Kiwanda hakijui mguu, chajua namba tu. Tena wasimamizi wake, watakatifu Krispino na Krispiniano wa tarehe 25 Oktoba, kwa mapokeo walikuwa washona viatu.

Hata Tomáš Baťa, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1894 huko Zlín, katika nchi ya Ucheki ya leo, alitoka katika ukoo wa washona viatu. Kampuni hiyo ilienea mpaka Limuru, Kenya. Bei ikashuka, wengi waliokwenda pekupeku wakavaa. Fundi halikatai jambo hilo.

Uchungu wake ni mwingine. Kiatu cha ngozi cha kiwandani, kilipofumuka, kilirudi kwake kushonwa, naye akala. Cha plastiki hukatwa na uzi upesi. Wengi hukitupa na kununua kingine. Na vijana ambao wangemshikia ngozi wamekwenda kuchimba dhahabu.