Rožmberk: Bwawa la Samaki Lililokaliwa na Ndege

Karibu na mji wa Třeboň, kusini mwa Ucheki, kuna tuta la udongo lenye urefu wa mita 2,430. Juu yake imeota mialoni mikubwa, na mgeni asipoambiwa atadhani ni kilima cha asili. Nyuma ya tuta hilo maji yametanda kwenye hekta zipatazo 490. Hilo ndilo bwawa la Rožmberk, kubwa kuliko mabwawa yote ya samaki ya nchi hiyo, lililojengwa kwa mikono kati ya mwaka 1584 na 1590.

Eneo lile halikuwa na rutuba. Lilikuwa vinamasi na mchanga, na nafaka ilistawi kwa shida. Lakini Wakatoliki wa Ulaya walikuwa na siku nyingi za mfungo ambazo nyama ilikatazwa na samaki waliruhusiwa, kwa hiyo kinamasi kiliweza kuleta fedha nyingi kuliko shamba la ngano. Ukoo wa Rožmberk, makabaila waliomiliki eneo hilo, uliliona jambo hilo mapema. Mwanzoni mwa karne ya 16 mtaalamu wao, Štěpánek Netolický, alichimba Zlatá stoka, yaani Mfereji wa Dhahabu, unaopitisha maji kwa zaidi ya kilomita 40 na kulisha bwawa moja baada ya jingine. Mfereji huo unafanya kazi hadi leo.

Aliyekuja baadaye, Jakub Krčín, alikuwa na tamaa kubwa zaidi. Aliuziba mto Lužnice wenyewe. Kwa kuwa alijua mafuriko yangelivunja tuta lake, alichimba pia Nová řeka, mto wa kutengenezwa wenye urefu wa kilomita 13 hivi, ili maji ya ziada yaelekezwe kwenye mto Nežárka. Ni kazi ya akili ya ajabu. Lakini udongo ule ulibebwa na watu wa kawaida, wengi wao wakulima waliokuwa chini ya amri ya kabaila, na haishangazi kwamba hadithi za wenyeji zinamsimulia Krčín kama mtu aliyeiuza roho yake kwa Shetani. Anayelisifu bwawa hilo awakumbuke na hao.

Samaki wa Třeboň ni kapi, samaki mnene wa maji yaliyotulia. Huhamishwa kutoka bwawa hadi bwawa kadiri wanavyokua, kwa miaka mitatu au minne. Msimu wa vuli milango ya maji hufunguliwa, bwawa hukauka polepole kwa siku nyingi, na samaki hukusanyika kwenye shimo lenye kina karibu na tuta. Hapo wavuvi huingia na nyavu alfajiri, na watu hufurika kutazama. Kapi huwekwa kwenye madimbwi ya maji safi yanayotiririka hadi Krismasi, maana mkesha wa sikukuu hiyo familia nyingi za Kicheki hula kapi wa kukaanga.

Ndege hawakuwamo kwenye hesabu za Krčín. Walikuja kwa sababu matete yaliota ukingoni, visiwa vidogo vikabaki katikati, na matope ya mabwawa yaliyokaushwa yakawa meza ya chakula. Bata bukini wa kijivu, vibisi na kongoti walizaliana humo kizazi baada ya kizazi. Tai mkia-mweupe, aliyekuwa ameacha kuzaliana Ucheki, alirudi kujenga kiota Třeboň katika miaka ya 1980. Mwaka 1977 UNESCO iliitambua nchi hiyo ya mabwawa kuwa hifadhi ya biosfia, na mwaka 1990 mabwawa yake yakaingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani.

Hata hivyo, samaki na ndege hawaishi kwa amani kila wakati. Mnandi humla kapi, na mfugaji hulalamika kwa haki. Lakini hasara wanayoipata ndege ni kubwa zaidi, nayo haionekani upesi. Katika karne ya 20 mabwawa yalitiwa samadi na chokaa, na samaki wakajazwa humo kwa wingi ambao wafugaji wa karne ya 19 hawakuujua. Kapi hufukua matope na kuwamaliza wadudu wa majini. Maji huwa mazito na ya kijani, mimea ya chini hukosa mwanga, na bata wanaopiga mbizi hukosa cha kulisha makinda yao. Idadi ya bata hao imeshuka.

Kwa maoni yangu, dawa yake ni kupunguza samaki, angalau katika mabwawa yaliyotengwa kwa ajili ya hifadhi, na jamii imlipe mfugaji pengo lake. Jamii hiyo tayari ina deni kwa mabwawa haya. Agosti 2002 mto Lužnice ulipofurika, Rožmberk ilipokea maji mara nyingi zaidi ya kiasi chake cha kawaida na kuvipunguzia mafuriko vijiji na miji ya chini ya mto, na tuta la mwaka 1590 halikuvunjika.