Rundo, Kaburi au Mjengo? Neno Moja na Mawe ya Kale ya Turkana

Magharibi ya Ziwa Turkana, nchini Kenya, pana mahali paitwapo Lothagam Kaskazini. Mpita njia huona hapo mawe mengi na nguzo chache zilizosimama. Akiulizwa ameona nini, hapana shaka atajibu: rundo la mawe. Jibu hilo ndilo chanzo cha makala haya.

Matokeo ya uchimbaji yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba mahali hapo palijengwa na wafugaji wa mwanzo wa sehemu hizo, kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita. Walitandaza jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi, na katikati yake wakazika watu wanaokadiriwa kuwa si chini ya 580, wake kwa waume, wakubwa kwa watoto, pamoja na mapambo yao. Shimo lilipojaa walilifunika kwa mawe, wakasimamisha nguzo juu yake.

Kaskazini ya hapo, huko Kalokol, zipo nguzo nyingine. Waturkana huziita Namoratunga, yaani watu wa mawe, kwani husimulia kwamba walikuwa wacheza ngoma waliogeuzwa mawe. Lugha yao imeona watu pale ambapo Kiswahili chetu kimeona rundo.

Tofauti hiyo si ndogo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 humwezesha Waziri kutangaza mahali kama hapo kuwa ukumbusho unaolindwa. Lakini tangazo huandikwa kwa Kiingereza, na barazani huelezwa kwa Kiswahili. Wananchi wakiambiwa "rundo", nani atamlaumu achukuaye mawe kujengea ukuta? Rundo hutokea, halijengwi. Nalo neno "kaburi" hudai mengi mno, kwani si kila mawe ya namna hiyo yamefunika mifupa.

Kwa hiyo yafaa tuseme "mjengo wa mawe wa kale". Palipothibitika maziko, tuongeze "wa maziko". Palipo na dalili za ibada au sherehe, tuongeze "wa mviga", neno la Kiswahili lililosahauliwa bure. Mfasiri, mwalimu na mtumishi wa Serikali wakilitumia kwa pamoja, mwananchi atajua kwamba mawe hayo yaliwekwa na mikono ya watu, tena kwa makusudi. Ajuaye hivyo hafikirii kuyabeba.