Farrokh wa Unguja

Tarehe 5 Septemba 1946, katika hospitali ya serikali mjini Unguja, alizaliwa mtoto wa Kiparsi aliyepewa jina Farrokh Bulsara. Baba yake, Bomi, alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu. Dunia ilikuja kumjua mtoto huyo kama Freddie Mercury wa bendi ya Queen. Ukiyasema haya hapa Kiirua, bado kuna watakaokuuliza: kwani huyu jamaa ni wa kwetu?

Ni wa kwetu, ila hatukukaa naye sana. Akiwa na miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikoanza kupiga piano katika bendi ya wanafunzi. Alirudi Unguja mwaka 1963. Januari 1964 Mapinduzi yakatokea, familia ikafunga virago ikahamia Feltham, karibu na London. Kijana alikuwa na miaka 17.

Mwaka 1970 aliungana na Brian May na Roger Taylor wakaanzisha Queen. Miaka mitano baadaye wakatoa "Bohemian Rhapsody", wimbo wa karibu dakika sita usio na kiitikio. Watu wa redio walidhani ni mrefu mno. Ukakaa namba moja Uingereza wiki tisa. Na timu ikinyanyua kombe leo, hata mtoto asiyemjua Freddie anaimba "We Are the Champions", wimbo alioutunga yeye.

Sisi wa upande huu wa Mlima Kenya tuna sababu nyingine ya kumkumbuka. Mwaka 1984 ukame ulitupiga, na wazee wangali wanasimulia mahindi ya manjano ya msaada. Kwa jirani zetu Ethiopia mambo yalikuwa mabaya zaidi, watu walikufa kwa malaki. Tamasha la Live Aid, Julai 13, 1985, lilifanywa kuwachangia hao. Queen walipewa dakika ishirini hivi pale Wembley, na hadi leo wengi husema hakuna aliyewashinda siku hiyo.

Lakini urithi wake mzito uko kwenye ugonjwa. Novemba 23, 1991, alitangaza kwamba ana UKIMWI. Kesho yake akafa, umri miaka 45. Si rahisi kumlaumu kwa kunyamaza. Miaka hiyo hata huku kwetu mtu alizikwa na matangani ikasemwa ni "homa ya mapafu" tu, basi. Serikali ya Kenya ilitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwaka 1999. Aliyetangulia kusema hadharani alikuwa mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, mwaka 1989. Alizunguka mashuleni na makanisani akiwaonya watu mpaka nguvu zikamwisha, akafariki Desemba mwaka huo huo. Freddie alisema siku moja kabla ya kufa, ila jina lake lilibaki likifanya kazi: wenzake waliandaa tamasha la kumkumbuka Aprili 1992, na kutoka hapo ukazaliwa mfuko wa Mercury Phoenix Trust, unaosaidia miradi ya kupambana na UKIMWI katika nchi nyingi, za Afrika zikiwemo.

Nyumbani walimpokea kwa shingo upande. Mwaka 2006, angetimiza miaka 60, sherehe iliyopangwa Zanzibar ilipingwa na jumuiya ya Kiislamu kwa sababu alikuwa na uhusiano na wanaume, ikafutwa. Mwaka 2019 jumba la makumbusho yake likafunguliwa Shangani, katika Barabara ya Kenyatta. Watalii wanalipa kiingilio kuona picha za mtoto wa mtunza fedha.

Mtu akishakufa tunapenda kumchagulia: sauti tunaichukua, yale mengine tunayaacha mlangoni. Kwa Farrokh haiwezekani. Ugonjwa tuliouficha ndio uliomnyamazisha, na kwa jina lake mpaka leo kuna watu wanatibiwa. Heri ya kuzaliwa, bwana.