Usafi na Usalama wa Mhudumu wa Mgonjwa Nyumbani (Buhigwe na Nyanda za Juu za Kigoma)

Usafi na usalama wa mhudumu wa nyumbani ni jumla ya kanuni na mazoea yanayomhifadhi mtu amuuguzaye mgonjwa, mzee au mtu asiyejiweza, asije akadhurika kwa maradhi, sumu, moto au uzito wa kazi yenyewe. Mhudumu huyo aweza kuwa binti wa nyumba, jirani aliyejitolea, mfanyakazi wa ujira, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Nao wote, ijapokuwa vyeo vyao ni mbalimbali, hushika kwa mikono miwili kazi ambayo hospitalini hugawanywa kwa watu wengi wenye vifaa.

Mahali na historia. Wilaya ya Buhigwe, iliyotengwa na Kasulu mwaka 2012, iko katika nyanda za juu za Buha mkoani Kigoma, mpakani mwa Burundi, nchi ya migomba, kahawa na tangawizi, yenye udongo mwekundu na baridi ya alfajiri. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kujisomea, iliwafundisha watu wazima wapatao milioni 2 nchini kuchimba vyoo na kujikinga na maradhi; na baada ya UKIMWI kutambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, hospitali zilipoelemewa na wagonjwa wa muda mrefu, sehemu kubwa ya uuguzi ilirejea majumbani. Kisha mwaka 2015, kipindupindu kilipozuka katika kijiji cha Kagunga mkoani Kigoma miongoni mwa wakimbizi wa Burundi, ambao wengi wao walipelekwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, ilidhihirika tena kwamba maradhi ya uchafu hayangoji ruhusa ya mpaka.

Mikono na maji. Asili ya kinga zote ni kunawa kwa sabuni na maji yatiririkayo, kwa sekunde 40 hadi 60, kabla ya kumgusa mgonjwa na baada yake, kabla ya kupika, na baada ya kutoka chooni. Pasipo bomba, kibuyu chirizi kinachoning'inizwa karibu na choo na kukanyagiwa kijiti chatosha, na sabuni ikikosekana, majivu ya jikoni hushika mahali pake. Vyombo vya mgonjwa huoshwa na kuanikwa juu ya kichanja, palipo jua na pasipofikiwa na kuku.

Damu na uchafu wa mwili. Mhudumu huvaa glavu, na palipo sakafu ya udongo, ambayo haiwezekani kupigwa deki, hufunika uchafu kwa majivu, akauchota pamoja na tabaka la juu la udongo na kuutupa chooni. Palipo saruji, uchafu hufutwa kwanza, kisha hutiwa klorini kwa dakika 10. Dawa ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5, sehemu 1 ikichanganywa na sehemu 6 za maji, hutoa asilimia 0.5 inayotakikana; nayo hutengenezwa upya kila siku, kwa kuwa nguvu yake hupotea. Ni haramu kuichanganya na asidi ya kusafishia choo au kuimimina katika mkojo, maana hutoka hewa yenye sumu.

Sindano na kikohozi. Sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko. Hutiwa katika chombo kigumu na kurudishwa zahanati. Aliyechomwa huosha jeraha kwa sabuni bila kulikamua, akaenda kituo cha afya upesi, kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kinga ya virusi vya UKIMWI. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7, na chanjo yake, ya dozi 3, ni stahili ya kila mhudumu. Penye kifua kikuu, madirisha huachwa wazi, na makohozi hutemwa katika kopo lenye kifuniko.

Moto na mgongo. Baridi ya Buha huwashawishi watu kuweka jiko la mkaa katika chumba cha mgonjwa kilichofungwa, hali mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu, iuayo usingizini. Ama kuhusu mgongo, mhudumu humwinua mgonjwa kwa kukunja magoti na kunyoosha mgongo, na mgonjwa akiwa mzito, huinuliwa na watu wawili.

Haki ya mhudumu. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unampa mfanyakazi wa nyumbani haki ya mazingira salama ya kazi; na Januari 2024 Makamu wa Rais wa wakati huo, Philip Mpango, aliyewahi kuwa Mbunge wa Buhigwe, alizindua mpango wa taifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Lakini binti auguzaye mamaye hana mkataba wala mshahara. Kwake yeye haki hiyo huanza siku jamaa wanapokutana kuchangia matibabu, wakahesabu sabuni, glavu na klorini pamoja na dawa za mgonjwa, na wakapanga nani atampokea zamu usiku.