Gome la Mti Lililogeuka Dawa ya Saratani

Akina mama wengi huuliza: ikiwa dawa ya saratani ya hospitali ilitoka kwa mti, kwa nini tusichemshe magome nyumbani? Swali hilo ni la haki. Leo tutalijibu kwa historia ya dawa moja, paklitakseli, inayotibu saratani ya matiti na ya ovari.

Mwaka 1962, mtaalamu wa mimea wa serikali ya Marekani, Arthur Barclay, alikusanya magome ya mti uitwao yew katika msitu wa jimbo la Washington. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa ikipima maelfu ya mimea kutafuta dawa ya saratani. Wanakemia Monroe Wall na Mansukh Wani walitenga kiini cha magome hayo, na mwaka 1971 wakachapisha muundo wake. Mwaka 1979 Susan Horwitz, wa New York, akaeleza kinavyofanya kazi. Seli inapotaka kugawanyika hujenga nyuzi ndogo ndani yake, kisha huzibomoa. Dawa hii huzizuia zisibomoke. Ni kama fundi aliyenaswa ndani ya jukwaa lake mwenyewe: seli hushindwa kugawanyika, ikafa.

Lakini kulikuwa na shida mbili. Kwanza, mti ukichunwa magome hufa, na mgonjwa mmoja alihitaji miti kadhaa iliyokomaa. Hiyo ilitatuliwa baadaye, wanasayansi walipojifunza kutengeneza dawa kutokana na majani ya miti ya jamii hiyo, ambayo huchumwa bila kuua mti.

Shida ya pili ndiyo iliyoumiza wagonjwa. Kiini hicho hakiyeyuki katika maji, na damu, mama, sehemu kubwa yake ni maji. Basi kikachanganywa na pombe pamoja na mafuta ya mbarika yaliyotiwa kemikali. Ndiyo, mbarika ile ile inayoota kando ya njia zetu! Mchanganyiko huo uliwaletea baadhi ya wagonjwa upele, kushindwa kupumua na kushuka kwa shinikizo la damu. Majaribio ya kwanza nusura yasimamishwe. Madaktari wakaanza kutoa kwanza dawa za kuzuia mzio, kisha kutia dripu polepole kwa saa nyingi. Kwa njia hiyo ilikubaliwa Marekani mwaka 1992 kwa saratani ya ovari, na 1994 kwa ya matiti.

Ndipo likaja wazo jipya. Damu yako ina protini iitwayo albumini, ambayo kazi yake moja ni kubeba vitu visivyoyeyuka katika maji. Watafiti waliifungasha dawa ndani ya albumini, ikawa chembe za nanomita 130 hivi. Ukizipanga chembe hizo kwa mstari, mamia yake yangetoshea katika upana wa unywele mmoja. Mafuta yakaondolewa. Dripu ikawa ya nusu saa. Marekani iliikubali mwezi wa Januari 2005, kwa saratani ya matiti iliyosambaa.

Katika jaribio lililolinganisha dawa hizo, uvimbe ulipungua kwa wanawake 33 katika kila 100 waliopata chembe ndogo, na 19 katika kila 100 waliopata ile ya zamani. Hata hivyo ganzi kali ya mikono na miguu iliwapata wengi zaidi, kwani kipimo chao kilikuwa kikubwa. Tena bei yake ni ya juu. Ile ya zamani haijapitwa na wakati: ingali katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mama anayetibiwa kwayo asidhani amepewa makombo.

Sasa turudi kwenye sufuria. Kiini kisichoyeyuka katika maji hakitoki vizuri kwa kuchemshwa. Kinachotoka kwa miti ya jamii hiyo ni sumu nyingine inayodhuru moyo, na imewahi kuua watu.

Ukiwa unatumia mitishamba yoyote, mwambie daktari kabla ya dripu. Ukisikia mwasho, joto usoni au kifua kubana dripu ikiendelea, mwite muuguzi papo hapo. Na vidole vikianza kufa ganzi, ukashindwa hata kufunga vifungo vya nguo ya mtoto, sema siku ya kliniki, kwa maana kipimo kinaweza kupunguzwa.