Kimeng'enya chenye asili ya panya kinavyofichua virusi

Uganda ilipotangaza, Januari 30 mwaka 2025, kuwa Ebola aina ya Sudan imezuka Kampala, wachuuzi wa Owino walikuwa na kila sababu ya kutega sikio. Soko hilo, ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, hupokea wanunuzi wa mitumba kutoka kila pembe ya nchi na hata ng'ambo ya mipaka, na watu hupishana bega kwa bega. Hapo hakuna awezaye kutambua kwa macho kama homa ya jirani yake ni malaria au Ebola. Jibu hutoka maabara, nalo mara nyingi hutegemea kimeng'enya kilichotokana na virusi vya panya.

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia. Hiki husoma ujumbe wa RNA na kuunakili upya kama DNA. Virusi vya Ebola, UVIKO-19, Zika na homa ya manjano vyote hubeba vinasaba vyao katika RNA, ilhali kipimo cha PCR huzidisha DNA peke yake. Pasipo mnukuzi huyo, mashine haioni kitu.

Uwezo huo uligunduliwa mwaka 1970 na Wamarekani wawili, kila mmoja kivyake: Howard Temin, aliyechunguza virusi vya kuku, na David Baltimore, aliyetumia virusi vya saratani ya damu ya panya. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1975. Kimeng'enya kilichoenea maabarani hutokana na virusi vingine vya jamii hiyo ya panya, vyenye jina la mtafiti John Moloney.

Hata hivyo, hakuna panya anayechinjwa ili kipatikane. Tangu miaka ya 1980 jeni yake hupachikwa ndani ya bakteria, ambao huzaliana kwa wingi na kuitengeneza protini hiyo; kisha husafishwa. Wanasayansi wamekirekebisha pia ili kistahimili joto zaidi.

Zamani panya mwenyewe ndiye aliyekuwa kipimo. Mwaka 1947, watafiti wa Entebbe walitaka kujua kilichompa homa kima namba 766, aliyewekwa katika msitu wa Zika. Walidunga majimaji ya damu yake katika ubongo wa panya, wakangoja. Siku ya kumi panya wakaugua, na virusi vya Zika vikajulikana. Leo Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, iliyo mjini humo humo, hupata jibu kwa saa chache.

Haraka hiyo ina gharama. Kimeng'enya huagizwa kutoka nje na huhifadhiwa katika nyuzi 20 chini ya sifuri. Mwaka 2020, wauza nguo walipozuiwa kufanya biashara sokoni, dunia nzima ilikuwa ikigombea vitendanishi, na Afrika ilisukumwa nyuma ya foleni.

Kipimo nacho kina mipaka. Virusi vya Ebola vinaweza kuchukua hadi siku tatu tangu dalili zianze kabla ya kuonekana katika damu. Kwa hiyo mgonjwa aliyepimwa mapema na kukutwa hana virusi huchukuliwa sampuli ya pili baada ya saa 48 hadi 72, na hadi jibu hilo litoke hubaki ametengwa.