Mafua ya Mwaka wa 1918 na Watu wa Ziwa

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikikaribia kwisha, yalitokea maradhi yaliyoua watu wengi kuliko mizinga. Mnamo Septemba 1918 mafua makali, yaliyoitwa Mafua ya Kihispania, yalifika Mombasa kwa njia ya bahari. Reli iliyokwisha kufika Kisumu tangu 1901 iliyachukua hadi ukingo wa Ziwa, na huko yakakuta njia nyingine zilizo wazi: meli na mitumbwi iliyounganisha Kisumu, Musoma, Mwanza na Bukoba. Wala mpaka haukuwatenga Wajaluo na Wakurya, ambao ndugu zao walikaa pande zote mbili. Njia za ujamaa na biashara zikawa ndizo njia za ugonjwa.

Nchi nayo ilikuwa imechoka. Tangu Waingereza walipoiteka Mwanza mwezi wa Julai 1916, majeshi yalikuwa yamekwisha kula chakula cha wenyeji na kuwachukua wanaume kuwa wapagazi. Hata askari wa Kijerumani waliosalimu amri Novemba 1918 hawakunusurika: baadhi yao walikufa kwa mafua hayo wakiwa mateka.

Jambo lililowashangaza waganga ni kwamba maradhi hayo hayakuchagua wazee na watoto peke yao, kama ilivyo desturi ya mafua. Yaliwaua kwa wingi watu wa miaka 20 hadi 40, wenye nguvu za kulima na kuvua. Inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 50 walikufa duniani.

Wakati huo wataalamu wengi walidhani chanzo chake ni bakteria aliyeelezwa na Richard Pfeiffer mwaka wa 1892. Virusi vya mafua ya binadamu havikupatikana mpaka 1933, mjini London. Na vile vya 1918 vilijengwa upya huko Marekani mwaka wa 2005. Majaribio juu ya kima, yaliyotangazwa 2007, yalionyesha jinsi kinga ya mwili ilivyopita kiasi.

Virusi huharibu utando wa njia za pumzi, pamoja na vinyweleo vyake vinavyofagia uchafu. Mwili hupiga mbiu. Chembe nyeupe za damu hukimbilia mapafuni, na mishipa huvujisha maji. Vita hivyo vikiwa vya kiasi, mgonjwa hupona. Vikizidi, vifuko vya hewa hujaa, na mtu huzama angali nchi kavu. Kikulacho ki nguoni mwako. Tena utando uliobomoka huwa mlango wa bakteria waletao kichomi, nao ndio waliowamaliza wengi wa wafu wa 1918, miaka kumi kabla ya penisilini kugunduliwa.

Karne moja baadaye, UVIKO-19 ulithibitisha jambo hilo. Mwezi wa Juni 2020, majaribio ya Uingereza yalionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani isiyoua virusi bali hutuliza kinga, ilipunguza vifo kwa thuluthi moja hivi miongoni mwa waliopumua kwa mashine. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa. Basi kuituliza kinga kabla ya wakati ni hatari, na kuchelewa kuituliza ni hatari vilevile.

Kwa mama wa Bunda au Butiama anayemwuguza mwanawe, historia hii si hadithi ya kale. Mafua yakiisha kupungua, kisha homa ikarudi pamoja na pumzi za mbiombio, hapana tena la kungoja: mtoto apelekwe hospitali siku ile ile. Watu wa 1918 hawakuwa na mahali pa kumpeleka.